Kirusi Nilichokibeba Mfukoni Hadi Murusagamba

Mnacheka ninapowaambia kwamba kirusi cha kwanza cha kompyuta nilichokifahamu kilisafiri kwa gari, kikiwa kwenye mfuko wa shati langu, tena nimeufunga kifungo kisidondoke. Chekeni tu. Ninyi virusi vyenu vinakuja hewani na hamjui vimetoka wapi. Changu naijua njia yote kiliyopita, kona kwa kona, kwa sababu aliyekibeba ni mimi mwenyewe, Laurenti, ambaye siku hizi nalima maharage hapa Mugoma na kutengeneza redio za majirani nikijisikia.

Mwalimu wenu wa ufundi aliniomba nije kuzungumza darasani. Nikamwambia kusimama muda mrefu magoti hayataki, ila kuandika naweza. Kwa hiyo someni. Msipoelewa mahali, njooni nyumbani muulize, na mje na sukari.

Mimi nilianza na taipureta. Mashine ya taipureta ikigoma, mara tisa kati ya kumi ni vumbi, na ile ya kumi ni karani ameiangusha na hataki kusema. Unafungua, unapuliza, unapiga brashi, unatia tone la mafuta, unafunga. Nilifanya hivyo miaka mingi mjini Ngara, na mkono wangu ukazoea kuamini kwamba kila ugonjwa wa mashine unaweza kupulizwa. Kumbukeni hilo, maana liliniponza.

Wakati wa kambi za wakimbizi, shirika moja lilifungua ofisi Ngara na kuleta kompyuta. Walitafuta mtu anayejua mashine, watu wakanitaja. Sikuwa nimewahi kuigusa kompyuta hata moja. Nilipoulizwa kama ninazijua, nikajibu kwamba mashine ni mashine. Nilikuwa na mke, watoto wanne na ujasiri wa mtu asiyejua anachokisema.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura. Huyu alikuwa mchapaji kutoka Biharamulo, mwanamke wa Kiislamu aliyenizidi miaka kama kumi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kompyuta alikuwa amejifunzia Mwanza. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza kitufe cha kuwashia kiko wapi. Nikakitafuta kwa dakika nzima. Hakunicheka, wala hakumwambia bosi. Alisema, “Mdogo wangu, kaa hapa,” na nikakaa hapo karibu miaka miwili.

Kazi ya ofisi yetu ilikuwa moja: watoto waliopotezana na wazazi. Watu walivuka mpaka kwa vurugu, mama huku, mtoto kule, na mtoto akiokotwa na familia fulani alilelewa huko huko. Sisi tuliandika majina. Ofisi ya Ngara iliandika watoto waliopatikana. Ofisi ndogo ya Murusagamba, chumba kimoja cha kuazima karibu na mpaka, iliandika wazazi waliokuwa wakitafuta. Mtaalamu mmoja aliyekuja na kuondoka alituandikia programu ya kuyalinganisha majina hayo: jina la mtoto, jina la baba, kilima walikotoka, alama mwilini. Majina yenyewe aliyafunga, yakawa hayasomeki ila kwa programu ile peke yake, ili mtu mwovu asije akachagua mtoto asiye wake. Ukiyafungua kwa njia nyingine, kioo kinajaa alama utadhani kuku amekanyaga wino.

Hakukuwa na mtandao. Mtandao ulikuwa mimi. Kila wiki nilichukua disketi, kile kisahani cha plastiki bapa kinachoenea kwenye mfuko wa shati, nikaweka majina ya Ngara, nikapanda gari, nikala vumbi hadi Murusagamba, nikayamwaga kwenye kompyuta ya kule, nikachukua ya kule na kurudi. Mvua ikinyesha tulisukuma gari zaidi ya gari lilivyotubeba.

Sasa niwaambie habari ya kirusi chenyewe. Zamani zile virusi vingi vilikuwa vinaingia kwenye programu. Majina, barua na hesabu vilikuwa haviguswi na jamii hii ninayoisema. Kirusi changu kilikuwa kinajibandika kwenye programu, ile unayoandika jina lake ili kompyuta ifanye kazi. Ukiifungua programu iliyougua, kirusi kinapanda kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kukaa humo. Tangu hapo kila programu unayoifungua nayo inabandikwa. Na kilikuwa na ulafi wa kijinga: programu za aina fulani kilizibandika tena na tena, kila zikifunguliwa, mpaka zikanenepa zisienee kwenye kumbukumbu. Jamii hiyo waliiita Yerusalemu, kwa sababu ndiko ilikogunduliwa. Mke wangu alikataa katakata. Alisema kitu kibaya hakiwezi kuitwa hivyo, labda sikusikia vizuri.

Bi Zuhura alikuwa na daftari. Kila programu aliandika jina lake na ukubwa wake, kwa kalamu nyekundu. Kila Jumatatu aliziorodhesha kwenye kioo na kulinganisha. Mimi nilimwona anapoteza muda. Siku moja nikamuuliza programu inapungua au inaongezeka kwa sababu gani. Akasema haipungui wala haiongezeki, ndiyo maana anaiandika.

Kisha akahamishiwa kwao Biharamulo kufungua stoo ya shirika. Kompyuta ya huko ilikuwa haijafika, na haikufika hata baada ya miezi sita, lakini yeye aliondoka na sanduku la disketi zake zote halisi, kila moja imefungwa. Kufunga disketi ni kusogeza kidude kidogo pembeni mpaka tundu lionekane. Hapo inasomeka, ila hakuna kinachoweza kuandikwa juu yake. Tulimtania sana, mama mwenye sanduku la disketi na hana kompyuta. Daftari aliniachia mimi. Nikaendelea nalo majuma matatu, halafu nikaanza kuandikia humo siku za kupanda maharage.

Kirusi chenyewe nilipewa zawadi. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Utapewa hata fungu la ndizi. Fundi wa shirika jingine nilimtembelea, na kwa kuwa ndizi ninazo, akanipa disketi ya mchezo wa karata. Niliufungua kwenye kompyuta ya kubebeka niliyopewa na ofisi, siku hiyo hiyo. Nilishinda mara mbili.

Baada ya muda kompyuta zetu zikawa nzito. Ukizitumia nusu saa, zinaanza kujivuta. Chini ya kioo, upande wa kushoto, kikatokea kiraka cheusi. Nilifanya nini? Nilikipangusa. Kisha nikafungua mashine na kupuliza. Nilitoa vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha, nikafunga, nikatangaza imepona. Na kwa vile nilikuwa nimeizima na kuiwasha, kweli ilienda vizuri kwa nusu saa.

Niliona pia kwamba programu yetu ya kulinganisha imeongezeka ukubwa. Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia, si majina ya watoto yanaongezeka kila wiki? Lazima na yenyewe ikue. Nilifurahi hata, nikaona ni dalili ya kazi. Bi Zuhura aliponielewesha baadaye, aliuliza swali moja tu: mahindi yakizidi ghalani, kinu nacho kinanenepa? Majina ni mahindi, programu ni kinu. Andikeni hilo popote mnapoandika mambo yenu.

Lakini kosa kubwa ni jingine, na hili sidhani fundi wa Ulaya angelifanya. Mnajua desturi yetu. Ukimkaribisha mtu pombe ya ndizi, humpi tu. Unaonja kwanza mbele ya macho yake, aone kwamba haina kitu. Hiyo ni adabu tuliyolelewa nayo. Mimi nikaipeleka kwenye disketi. Watu wa ofisi walikuwa wameanza kusikia habari za virusi na kuogopa, kwa hiyo kila nilipofika mahali, kabla sijaingiza disketi kwenye mashine yao, niliitia kwanza kwenye yangu ya kubebeka, nikafungua moja moja programu ndogo ndogo zilizosafiri pamoja na majina, nikasema mnaona, haina kitu. Wakaitikia kwa kichwa, wakaridhika. Vijana, mashine yangu ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Disketi iliingia kwangu safi, ikatoka imeambukizwa, ndipo ninampa mwenyeji kwa adabu zote. Nilionja Ngara, nikaonja Murusagamba. Hata disketi za akiba ya programu, tatu nilizokuwa nazo, zote nilizionja ili niwe na uhakika.

Nilipopita Biharamulo kumsalimia Bi Zuhura, nilitaka kumwonjea na zake. Akakataa. Nikamwambia ni kwa usalama wake. Akasema, “Mimi sinywi pombe, mdogo wangu, na hizo desturi zake sizijui,” akafunga sanduku. Nilirudi nimenuna njia nzima. Niliona amenidharau.

Jamii hii ya kirusi ilikuwa na siku yake: Ijumaa ikiangukia tarehe kumi na tatu, kinaacha kubandika na kuanza kula. Programu yoyote utakayoifungua siku hiyo, kinaifuta.

Ijumaa hiyo ilinikuta Murusagamba. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja, Spesioza, Mrundi, aliyetoka kambini kwa miguu. Alikuwa anamtafuta mwanawe Melkiori, na hii ilikuwa mara yake ya nne kuja. Mara zote tatu tulimwambia bado. Safari hii nilikuwa na majina mapya ya Ngara mfukoni, na yeye alikuwa na siku tatu, kwa sababu Jumatatu malori yalikuwa yawahamishe watu wa upande wake wa kambi kwenda mbali, wilaya nyingine. Akiondoka bila jibu, nani angemfuata na karatasi? Alijua hivyo. Mimi pia nilijua.

Nikawasha jenereta, nikawasha kompyuta, nikaingiza majina mapya, nikaandika jina la programu. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikaandika tena nikidhani nimekosea herufi. Hakuna. Nikatia disketi ya akiba ya kwanza, nikaifungua. Ikapotea mbele ya macho yangu. Nikatia ya pili, ikapotea. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mama alikuwa ananitazama, nami nikatia ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoniuma hadi leo.

Nikaita Ngara kwa redio ya upepo. Huko nako vivyo hivyo, wameshafungua programu zote asubuhi na zote zimekwenda. Bosi wetu, mzungu mmoja mpole, alikuwa ameshachoka. Akasema tufute kila kitu kwenye mashine, tuanze upya. Ndipo ikaingia sauti ya Bi Zuhura kutoka Biharamulo, kwa kuwa redio ile ilikuwa inasikika vituo vyote.

Alisema tusifute chochote, kirusi cha namna hii kinakula programu, majina yatakuwa mazima. Alisema anayo programu yetu kwenye disketi iliyofungwa, pamoja na disketi safi ya kuwashia kompyuta. Lakini kabla ya kuzituma alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi, maana asingependa kuleta dawa yake ikaliwe nayo. Akaniuliza, “Laurenti, hizo disketi zako zilipitia kwenye mashine yako?”

Redio ilikuwa inasikilizwa na Ngara nzima, madereva, walinzi, bosi. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni: kuna karani wa pale, kijana mkimbizi, aliyependa kucheza michezo kwenye ile kompyuta, na kila mtu angeamini kwamba ni yeye. Naona aibu kuwaambia kwamba jina lake nilikuwa nimeshalifikiria. Lakini ningelitaja, mashine yangu isingeguswa, na ingezila programu zote tena. Mficha uchi hazai. Nikabonyeza kitufe nikasema, “Zilipitia zote. Niliyeleta ugonjwa ni mimi.”

Kisha Bi Zuhura akasema basi nizime kompyuta zote, kabisa, na ile yangu niitoe betri, na asiwepo mtu wa kuzigusa mpaka gari lifike. Bosi aliongeza neno moja tu, asante. Walinzi wa Ngara waliniita Mwonjaji mwaka mzima, lakini hilo si kitu.

Spesioza alikuwa amesikia yote. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao. Akanitazama akauliza, “Ni wewe uliyeuleta?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi usiende. Kaa hapa mupaka ipone.”

Hakusema kwa hasira. Nilikuwa nimepanga kurudi Ngara mchana ule, kwa kisingizio cha kwenda kupokea disketi, na ukweli ni kwamba nilitaka kuyakimbia macho yake. Nikakaa. Yeye alilala kwa mama mmoja jirani, mimi nikalala kwenye benchi la ofisi.

Barabara ya kutoka Biharamulo mnaijua. Gari lilifika Jumamosi saa saba mchana, na disketi zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimezungushiwa khanga. Juu yake kulikuwa na karatasi ya mwandiko wake, nami nitawaandikia yaliyokuwamo maana hata leo busara yake haijachakaa. Kompyuta ikae imezimwa kwanza, si kuwashwa upya tu, izimwe, ili kirusi kitoke kwenye kumbukumbu. Iwashwe kwa disketi safi iliyofungwa, isiwashwe kwa chochote kilichomo ndani yake. Programu zote za ndani zifutwe, hata zile zinazoonekana nzima. Zirudishwe kutoka kwenye disketi halisi. Ukubwa wake ulinganishwe na daftari. Mwisho aliandika: na usionje.

Nilifuata mstari kwa mstari. Kwenye kulinganisha ukubwa ikabidi nitafute tarakimu zake nyekundu kwenye daftari nililokuwa nalo mkobani, katikati ya tarehe zangu za maharage. Zote zikalingana. Nikaandika jina la programu, ikafunguka. Majina yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililoguswa.

Spesioza alisogeza kigoda karibu. Nikaingiza aliyoyasema: Melkiori, jina la baba yake, kilima chao, kovu la moto kwenye goti la kushoto. Nikabonyeza. Mashine ile ilikuwa inachukua muda, siyo kama simu zenu. Likatokea jina moja. Mvulana, takriban miaka sita, kovu goti la kushoto. Analelewa na familia ya wakulima, Bugarama.

“Ariho?” akauliza. Yupo?

Nikasema yupo. Hakulia. Alishika ukingo wa meza, akaniambia nimsomee tena. Nilimsomea mara tano au sita, na kila mara aliuliza habari za goti.

Jumapili baada ya misa tukaenda Bugarama na gari lile lile. Mimi nilikuwa na hofu yangu, nayo nawaambia waziwazi: programu inalinganisha maandishi, haiwezi kumjua mtoto. Jina lilikuwa la kawaida. Makovu ya moto kwenye magoti ya watoto wa vijijini yako mengi, jiko ni mafiga matatu chini. Kama nimempeleka mama huyu kwa mtoto wa mtu mwingine, je? Kesho yake malori yanaondoka.

Tulifika kwenye boma, nyumba ya bati, migomba nyuma. Mwenye nyumba alitoka kutupokea, tukasalimiana, nikamweleza. Uani walikuwapo watoto watano wamekaa kwenye mkeka wanapukuchua maharage, wametupa mgongo, wanabishana wao kwa wao. Kwa nyuma walifanana wote.

Spesioza alisimama kwenye kona ya nyumba, akawatazama, akashindwa kusonga. Akanishika mkono wa shati.

“Umuite wewe,” akasema kwa sauti ya chini. “Nikimuita mimi akakosa kugeuka, sitaweza.”

Kwenye kazi yangu nimefanya mambo mengi, mengine nimeyaharibu kama mlivyosoma. Hakuna lililowahi kuwa zito kama kufungua mdomo pale. Nikaita, “Melkiori.”

Mmoja akageuka. Hakunitazama mimi.